Ka ya Mapenzi na Ka ya Dharau

Maneno haya niliyazungumza Jumamosi jioni, Sinza, Dar es Salaam, mbele ya mashabiki wa anime, yaani katuni za Kijapani, katika ukumbi mdogo ambako huwa wanakutana kuangalia pamoja. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wakubwa zangu mliokuja kuwasindikiza watoto. Wadogo zangu, hamjambo? Mwenyekiti wa kijiwe, nakushukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeitwa hapa kwa sababu ya ugomvi, na si vizuri tukazunguka mbuyu tukajifanya hatuujui. Wiki tatu zilizopita, humu humu ndani, kulikuwa na watu thelathini na kitu, shuka jeupe limetundikwa ukutani, projekta inafanya kazi. Hadithi ikafika mahali wasichana wanakwenda kuoga kwenye chemchemi ya maji moto, na sote tunajua kinachofuata kwenye anime wasichana wakienda kuoga chemchemi. Baadhi ya vijana wakapiga miluzi. Binti mmoja aliyekuja na mdogo wake wa kiume, mtoto wa miaka tisa, akasimama, akamshika mdogo wake mkono, akaondoka. Alipofika mlangoni sauti ikamfuata: "Sista, katuni tu hiyo." Akajibu bila kugeuka: "Kama ni katuni tu, miluzi ya nini?"

Tangu siku ile kijiwe kimegawanyika. Wapo wanaosema chochote chenye msichana wa macho makubwa na sauti nyembamba ni takataka, anime ya kweli ni ya kupigana. Wapo wanaosema mchoro haumuumizi mtu, kila mmoja aachwe na anachokipenda, na wanaokosoa wana wivu. Halafu kuna kikundi kidogo cha wasomi wetu, wao hawaangalii kitu mpaka kimesifiwa na wahakiki au kimepata tuzo. Nimewasikiliza wote. Mimi nachora vitabu vya watoto, huu mwaka wa kumi na nne, ndiyo kazi inayonilisha, na anime nimeanza kuipenda kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Kwa hiyo sikuja kama mpita njia. Nimekuja na jambo moja, na nitalieleza kwa silabi moja ya Kiswahili.

Silabi yenyewe ni ka.

Darasani tulifundishwa kudogosha kwa ki: kitoto, kijumba. Mtaani tunadogosha kwa ka: katoto, kanyumba, kagari. Sasa sikilizeni. Mama anamnyanyua mwanawe aliyetoka kuogeshwa, kapakwa mafuta, anang'aa, anasema, "Jamani, katoto kangu haka!" Siku hiyohiyo konda wa daladala anamwambia abiria anayedai chenji yake, "Kadada, shuka hapo, unatuchelewesha." Ka ni ileile. Ile ya mama inamvuta mtu kifuani. Ile ya konda inampunguza mtu kwanza, ili akishakuwa mdogo iwe rahisi kumsukuma. Kwenye maandishi hakuna alama inayozitenganisha, lakini hakuna Mswahili anayezichanganya. Sikio linajua.

Wajapani wana neno lao, kawaii, la kitu cha kupendeza kama katoto. Halina undugu na ka yetu, msije mkasema nimewafundisha isimu ya uongo. Lakini kazi inafanana. Mhusika mdogo, mwenye macho makubwa, anayejikwaa na kulia upesi, anaweza kuchorwa kwa ka ya mapenzi, na anaweza kuchorwa kwa ka ya dharau, tena na mchoraji mmoja, kwa kalamu ileile. Mlichogombania wiki tatu zilizopita ni hizo ka mbili, ila kila kundi liliiona moja tu.

Naombeni huo ubao.

Nachora duara. Nalikata katikati kwa mstari wa kulala, kama ninavyokata chungwa. Macho nikiyaweka palepale kwenye mstari, nikaongeza pua ya kutosha na kidevu, huyu ni mtu mzima, anaweza kuwa karani wa benki. Nafuta. Sasa nayashusha macho vidole viwili chini ya mstari, nayatanua, pua naiacha iwe nukta, kidevu nakifupisha. Mmesikia? Kuna mtu huko nyuma amesema "ooh" na jicho la pili sijalimaliza. Hajaambiwa jina la mtoto huyu, hajui ni mwema au mbaya, tayari moyo umemlainika.

Mwaka 1943 Konrad Lorenz, Mwaustria aliyekuwa akichunguza tabia za wanyama, aliieleza hali hii: kichwa kikubwa kikilinganishwa na mwili, paji pana, macho makubwa yaliyokaa chini, mashavu ya mviringo, vyote hivyo huamsha ndani yetu hamu ya kulea. Ndiyo maana kitoto cha paka kinatushinda nguvu. Ndiyo maana Hello Kitty, kapaka kaliyobuniwa na kampuni ya Sanrio mwaka 1974, hana hata mdomo lakini amezunguka dunia nzima. Osamu Tezuka, aliyesomea udaktari akaishia kuchora, alizipenda mno katuni za Disney, akayachukua yale macho akayafanya yake, na katuni yake ya Astro Boy ilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Japani mwaka 1963, watoto wa kule waliyakuta sebuleni kwao. Kwa hiyo macho haya yalishasafiri kutoka Marekani hadi Japani kabla hayajafika Sinza.

Nalitaja hili kwa sababu linanihusu. Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia michoro ya msichana anayechota maji, ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: macho ya Kijapani haya, tuchoree ya Kiafrika. Kesho yake nilikwenda Mwenge kwa wachonga vinyago. Nikasimama mbele ya shetani wa Kimakonde, jicho moja limetokeza kama yai la bata, mdomo umezunguka hadi kisogoni. Nikamtazama fundi aliyekuwa akimsugua kwa msasa. Hakuna aliyewahi kumwambia alipunguze lile jicho liwe la Kiafrika. Nikairudisha michoro yangu vilevile ilivyokuwa. Kitabu kilitoka na mchoraji mwingine.

Sasa tuje kwenye kalibu, yaani zile aina za wahusika zinazorudiwa anime baada ya anime. Hapa wengi wenu mnanizidi. Kuna tsundere, anayekufokea kwa sababu anakupenda. Yandere, ambaye mapenzi yamemgeuka kisu. Kuudere, baridi kama sakafu ya vigae alfajiri. Kuna mdogo wa kike anayeng'ang'ania kaka, kuna wa miwani, kuna wa masikio ya paka. Ile hali ya kuyeyuka mbele ya wahusika hawa, mashabiki wa Japani wanaiita moe. Limetoka kwenye kitenzi cha kuchipua, kama mbegu inavyochipua, na kinatamkwa sawasawa na kitenzi kingine chenye maana ya kuwaka moto. Wao wenyewe wanazichezea maana hizo mbili. Naona ni neno zuri sana.

Mwaka 1998 duka la bidhaa za anime linaloitwa Gamers lilijitengenezea mhusika wa matangazo, Dejiko. Masikio ya paka, kengele kubwa, nguo za mtumishi wa ndani, nywele za kijani. Hakuwa na hadithi. Hadithi alitafutiwa baadaye, watu wakiwa wameshampenda. Mhakiki Hiroki Azuma alimtumia Dejiko kwenye kitabu chake cha mwaka 2001 kueleza kwamba shabiki wa siku hizi hali tena hadithi nzima. Anaingia kwenye ghala la vipande na kuchagua: masikio haya, mkia ule, kilio hiki. Mashabiki wengi waliposikia habari ya ghala walijiona wametukanwa.

Mimi niliposikia habari ya ghala nilifikiria kanga.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Hiyo ndiyo kanga, jana na leo. Mwanamke anayesimama dukani Mtaa wa Uhuru hasemi, "Hizi zote ni pindo na mji, hazina jipya, sinunui." Anapitisha macho kwenye rangi, anashika kitambaa, halafu anauliza swali lenyewe: "Inasemaje?" Hapo ndipo kanga inapoamuliwa. Mbili za rangi moja na mji mmoja, hii utampelekea mama mkwe, hii utaivaa upite mbele ya jirani aliyekusema. Kwa hiyo sina ugomvi na kalibu. Bibi zetu walitusimulia Sungura mjanja na Fisi mlafi usiku baada ya usiku, na hakuna mtoto aliyelalamika kwamba Fisi habadiliki. Tsundere ni pindo. Masikio ya paka ni mji. Mnapomletea mtu anime hapa, mwacheni aulize: inasemaje?

Nitoe mfano mmoja na niukalie, maana naupenda. Mwaka 2009 studio ya Kyoto Animation ilitoa K-On!, na aliyeiongoza ni Naoko Yamada, mwanamke kijana, ndiyo mara yake ya kwanza kuongoza mfululizo. Wasichana wa sekondari wana klabu ya muziki. Wanakunywa chai na kula keki kuliko wanavyofanya mazoezi. Hakuna adui. Dunia haiishi. Hakuna hata mvulana wa kugombania. Kalibu zote zipo: mzembe mwenye moyo mweupe, mwoga, mtundu, mtoto wa tajiri, na baadaye mdogo mwenye bidii. Wahakiki wengi waliitazama wakasema ni sukari tupu, haina kitu ndani.

Haina kitu? Yui, yule mzembe, anataka gitaa ambalo hawezi kulinunua. Wenzake, waliomjua kwa siku chache tu, wanatafuta kibarua: wanakaa kando ya barabara na kuhesabu magari yanayopita, ili wamchangie. Wanakaa kwenye viti vidogo wakibonyeza vihesabio, jua linazunguka. Nani hapa hajachangiwa na marafiki, ada, nauli, hata simu? Yui akilipata lile gitaa analipa jina, Giita, analivisha nguo, analala nalo. Unaweza kusema ni utoto. Mimi nilimwona mtu ambaye kwa mara ya kwanza amepata kitu cha kushika mikononi, na kitu hicho kimenunuliwa na upendo wa watu wengine. Mwisho wa msimu wa pili, wale wakubwa wanne wanamaliza shule, Azusa, yule mdogo, anabaki peke yake, na wanamwimbia. Ni hilo tu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu nilipoiona, nimepanga chumba kimoja Manzese, rafiki zangu wa chuo wametawanyika mikoani, nikalia mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akaja kugonga.

Miaka miwili baadaye, 2011, ikatoka Madoka Magica, kazi ya studio Shaft, imeandikwa na Gen Urobuchi. Sura za wahusika zilibuniwa na Ume Aoki, mashavu kama maandazi, laini kabisa. Katika sehemu ya tatu msichana mmoja anakufa kifo kibaya, na kila mtu akashtuka kwamba kumbe hii si ya watoto. Wahakiki wakasimama na kupiga makofi, na ikapata tuzo kubwa ya anime katika Tamasha la Sanaa za Vyombo vya Habari la Japani. Na mimi naipenda, tuzo ilistahili. Lakini naomba mjiulize nami: kwa nini msichana mwenye sura laini mpaka afe ndipo aonekane? Alipokuwa anakunywa chai alikuwa sukari tupu. Alipotoka damu amekuwa sanaa. Hii ndiyo kasoro ninayoiona kwenye ladha ya wahakiki wengi, wa huko na wa kwetu. Kitu kidogo, chepesi, cha kike, cha kitoto, wanakipa heshima pale tu kinapochomwa kisu. Na ninyi vijana mnaosema anime ya kweli ni ya kupigana, mnadhani mko mbali na wahakiki hao. Mnakula sahani moja nao.

Jiji letu limeshaliona hili. Edward Tingatinga alianza kupaka rangi zake za mafuta kwenye vibao miaka ya mwisho ya 1960, pale Oysterbay, karibu na Morogoro Stores. Chui wa madoadoa, ndege wa shingo ndefu, macho makubwa, mistari ya nje iliyo wazi. Polisi walimpiga risasi kwa makosa mwaka 1972, wanafunzi wake wakaendelea na chui yuleyule na ndege yuleyule. Kwa miaka mingi nimewasikia watu waliosoma sanaa wakisema hiyo ni michoro ya kuwauzia watalii, rangi za kitoto, kila kibao kinafanana na kingine. Leo vibao vya mkono wake mwenyewe vinasakwa na wakusanyaji wa nje. Chui hajabadilika hata doa moja.

Nimewatetea wapenda vitoto vya macho makubwa. Sasa nije kwa wapiga miluzi, na nitasema nanyi kama dada yenu.

Fansavisi, kumpa shabiki ziada. Mwaka 1995 anime ya Evangelion ilipokuwa ikirushwa, Misato, mmoja wa wahusika wake, alikuwa akitangaza sehemu ijayo na kumalizia kwa kuwaahidi watazamaji "saabisu, saabisu", yaani huduma, huduma. Ziada inaweza kuwa kitu chochote, roboti aliyechorwa kwa undani kuliko ilivyohitajika, au mhusika wa zamani anayepita nyuma ya umati. Lakini siku hizi ukilitaja neno hilo kila mtu anawaza kitu kimoja, na sababu yake kubwa ni biashara. Anime nyingi za aina hii zilirushwa Japani baada ya saa sita usiku, zimegharimiwa na kamati za makampuni, na fedha ilitegemewa kurudi kwa mauzo ya diski. Diski moja ilikuwa na sehemu mbili tatu tu, inauzwa yeni elfu kadhaa, na wanunuzi elfu chache waliweza kuamua kama kazi imefaulu au imeanguka. Kwa hiyo kwenye televisheni mvuke unafunika miili ya wanaooga, kwenye diski mvuke umeondolewa. Mvuke ni chambo. Sasa wewe uko Sinza, miaka mingi imepita, hununui diski, unampigia mluzi mvuke uliowekwa ili mteja wa Tokyo atoe pochi.

Hilo ni la biashara. Lakini kuna jambo lililo ndani zaidi, na nililifundishwa na mama yangu, Mungu amrehemu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nimeazima diski, nimekaa sebuleni sauti nimeipunguza. Mama yuko nyuma yangu mkekani, ungo mapajani, anachambua mchele. Nilishasahau kama yupo. Kwenye kioo kulikuwa na msichana rubani, shujaa wa hadithi, anazungumza na mwenzake, na kamera imeshuka chini ya kiti chake inatazama kule inakojua yenyewe. Nikakumbuka mama yupo. Nikaitafuta rimoti, imeingia katikati ya mito ya kochi, naichomoa, betri zikaanguka. Mama hakufoka. Aliendelea kupepeta, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida: "Huyo binti anasemaje?"

Nikafungua mdomo kumjibu, nikakosa. Maandishi ya tafsiri yalikuwa pale chini na sikuwa nimeyasoma. Niliporudisha nyuma nikaiangalia tena baadaye, nikakuta alikuwa akieleza jinsi baba yake alivyokufa.

Aliyechora sehemu ile alimpa yule msichana kumbukumbu ya baba yake, halafu akaninyang'anya masikio. Hiyo ndiyo ka ya dharau, wadogo zangu. Mwili kuonekana peke yake si dharau. Dharau ni pale mtu anapozungumza nasi tunaambiwa tusimsikilize.

Na ili msidhani nachukia mwili, mtazameni tena Yamada. Huyu mwongozaji anapenda miguu. Kwenye A Silent Voice ya mwaka 2016, kwenye Liz and the Blue Bird ya mwaka 2018, kamera yake inakaa kwenye miguu ya wasichana mara nyingi mno. Ukiambiwa hivyo bila kuona, utasema ni yaleyale. Angalia sasa. Liz inaanza Mizore akimsubiri rafiki yake Nozomi nje ya shule, na tunajua moyo wake kwa miguu: ilivyobanwa pamoja, ilivyotulia, halafu hatua za Nozomi zinavyokuja nyepesi, na za Mizore zikifuata nyuma hazilingani nazo. Wasichana hawa hawawezi kuambiana wanachojisikia, uso umefundishwa kuficha, mguu haujafundishwa. Kiungo kilekile ambacho mwingine angekitumia kuuza diski, yeye amekifanya kiseme. Mama angeuliza anasemaje, ningemjibu.

Wala Waswahili hatujawa watu wa kuona haya mbele ya mahaba. Pwani hii imeyaimba tangu kabla ya Siti binti Saad hadi taarabu ya leo, kwa mafumbo na bila mafumbo. Lakini kwenye wimbo wa mahaba mpenzi anaitwa, anabembelezwa, anatarajiwa ajibu. Yupo. Anime zenye mapenzi ya watu wazima, zenye tamaa hata, zipo nzuri, na watu wazima waziangalie kwa saa zao.

Mmeshasahau lakini mlishawahi kukaa upande wa pili. Mabinti walipopata zamu ya kuchagua walileta Free!, ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Hiroko Utsumi, studio ileile ya Kyoto. Waogeleaji, vifua wazi, matumbo yamekatika kama chokoleti, maji yanatiririka polepole. Wanaume walewale wa "katuni tu hiyo" hawakumaliza dakika kumi, wakaomba ibadilishwe. Nilimuuliza mmoja wao pembeni alijisikiaje. Hakukasirika, alifikiri kwanza. Akaniambia: "Dada, kama vile tumeingia kwenye shughuli ambayo hatukualikwa." Ndugu zangu, yule binti aliyetoka na mdogo wake alijisikia hivyohivyo, tena yeye si mara moja.

Kuna sehemu moja ambayo sitaijadili kwa upole. Mhusika ana mwili na sauti ya mtoto wa darasa la nne, kamera inamtazama kama mwanamke, halafu mwandishi anatuambia eti ana miaka mia tano. Hapana. Mtoto ni mtoto hata akiwa wa wino. Japani yenyewe ilipopitisha sheria mwaka 2014 ya kukataza kumiliki picha chafu za watoto, michoro iliachwa nje, na wanaendelea kubishana huko kwao. Sisi hatuko bungeni. Tuko kwenye ukumbi ambao mtoto wa miaka tisa anaketi kiti cha mbele, na mimi sikubali afundishwe kumtazama mwenzake namna hiyo.

Tena inawezekana kabisa kumchora mtoto apendwe na dunia nzima bila hayo. Anya wa Spy x Family, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2022, kichwa kikubwa, macho yamejaa uso, paji kama nililochora hapo ubaoni. Kalibu tupu. Anasema ana miaka sita ili achukuliwe na baba mlezi, na Loid, huyo baba mlezi, anamwangalia anaona huyu hafiki sita. Anasoma mawazo ya watu na anafeli mitihani. Anapenda karanga kuliko chochote. Binti wa dada yangu sasa hali karanga bila kusema "waku waku", neno la Anya akifurahi, na muuza karanga wa kituoni kwetu ameshalijua neno hilo naye analisema. Katika vichekesho vyote wanavyomfanyia Anya, hachekwi kwa kuwa mdogo. Anachekesha kwa sababu anajitahidi, na sisi tunataka afaulu.

Basi nina maombi kwenu, na ni ya kazi. Anayeleta anime aiangalie yeye kwanza, mwanzo hadi mwisho, asitegemee jalada. Ya watoto iwe kabla ya magharibi, na ikifika magharibi watoto waende nyumbani, hata kama hadithi imenoga. Zamu ya kuchagua izunguke kweli, asije mtu akaruka zamu ya mabinti kwa kisingizio cha bando au flashi kujaa. Wasomi wetu, mtakapokuja kutueleza kwamba kitu hakina maana, mtuambie mlikitazama mkitafuta nini. Na miluzi basi.

Nimemaliza. Mwenyekiti, kama kuna swali nitajibu.

Lilikuwepo moja. Kijana wa upande wa kushoto, na nadhani alikuwa miongoni mwa waliopiga miluzi siku ile, alisimama mikono imo mifukoni. Akasema, "Dada, mimi yangu ni ya masikio ya paka. Nina tatizo?" Watu wakacheka. Nikawaomba wanyamaze.

Nikamwambia, "Huna tatizo, mdogo wangu. Huyo unayempenda, anasemaje?"

Akasita. Akasema ni mkimya, haongei sana. Kisha akasema, ila kuna siku aliachwa kituo cha treni na dada yake, akarudi peke yake kwa miguu usiku, na alipofika nyumbani alisema amechelewa kwa sababu alikuwa anaangalia nyota. "Lakini haikuwa nyota," kijana akasema, akatoa mkono mmoja mfukoni. "Alikuwa anaogopa, ila hakutaka dada yake ajisikie vibaya." Akaendelea. Alieleza mpaka adhana ya magharibi ikaanza, na yule binti aliyeondoka siku ya miluzi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na mdogo wake, akamuuliza inaitwaje.